Gitaa Halikuja na Mtindo

Basi bwana, ilikuwa harusi, Fukayosi, kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Maspika yamepangwa mbele ya nyumba kama makabati, na DJ wa kukodi kutoka mjini anawamwagia vijana singeli mpaka vumbi limesimama. Kwenye saa tano hivi usiku mzee mmoja akamfuata DJ, akamnong'oneza. DJ akashika kipaza sauti na kusema, kama mtu anayeomba radhi: "Jamani, hii kidogo ni kwa ajili ya wazee wetu. Zilipendwa!" Akaweka kibao cha Mlimani Park. Vijana tukatawanyika, huyu soda, yule sigara.

Pembeni, mkekani, alikuwepo bibi mmoja, mtu mzima sana, ambaye tangu jioni alikuwa anaangalia tu. Wimbo ulipofika nusu, waimbaji wakaacha hadithi yao na magitaa yakaanza kujibizana, bibi akainuka. Hakucheza dansi. Alicheza ngoma: magoti yamekunjwa kidogo, nyayo haziachi ardhi, kazi yote iko kiunoni na mabegani. Alicheza mpaka mwisho. Nikamfuata.

"Shikamoo bibi. Kumbe na hizi unazijua?"

Akaniangalia kama ananionea huruma. "Marahaba mjukuu wangu. Sasa hii si ngoma yetu? Ila wameitia waya."

Wiki mbili baadaye, kijiweni kwetu waandishi chipukizi, mshikaji wetu mmoja alisoma insha yake juu ya historia ya roki. Insha nzuri, yenye majina na miaka. Lakini mwishoni akatoa hukumu: Watanzania hatukuwahi kuwa na roki. Tulikuwa na dansi, na dansi ni rumba ya kuazima Kongo. Ukitaka roki yetu utabaki kujisifia Freddie Mercury. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na hoja, nilikuwa na bibi tu. Makala haya ni jibu langu la kuchelewa.

Tumalizane na Freddie kwanza

Ni kweli, Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946. Ni kweli pia kwamba alisomea India, akarudi, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Queen walipotoa "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975 alikuwa Mwingereza wa jukwaani kabisa. Tangu 2019 pana jumba la makumbusho yake Mji Mkongwe, na watalii wanapiga picha. Sina ugomvi na picha. Lakini ndugu msomaji, cheti cha kuzaliwa hakiwezi kuwa mtindo. Tukitaka kujua kama tuna roki tusitafute nani kazaliwa wapi. Tutafute gitaa la umeme lilipofika mikononi mwetu tulilifanya nini.

Roki ni nini hasa?

Mshikaji wetu anaitafuta roki kwa nguo zake: nywele ndefu, ngozi nyeusi, gitaa linalopiga kelele. Nguo hizo zilibadilika kila baada ya miaka michache. Mwaka 1955 Chuck Berry, Mmarekani Mweusi, alitoa "Maybellene": bluzi iliyopewa mwendo wa gari. Mwanzoni mwa miaka ya 60 vijana wa Uingereza, Beatles na Rolling Stones, walijifunza kutoka kwenye sahani za Wamarekani Weusi kisha wakawauzia Wamarekani chakula chao wenyewe kikiwa kwenye sinia jipya. Mwaka 1967 Beatles, kwa albamu ya Sgt. Pepper, waliifanya studio yenyewe iwe ala. Mwaka huohuo Jimi Hendrix alichukua kile ambacho mafundi mitambo walikiona kasoro, ile sauti ya spika kukwaruza na kupiga mluzi, akaifanya lugha. Mwaka 1970 Black Sabbath wakaleta roki nzito. Mwaka 1973 Pink Floyd wakaifanya roki iwe ya kusikiliza umekaa kwenye kiti. Halafu 1976 na 1977 wakaja panki wa London, Sex Pistols na The Clash, wakasema kukaa kwenye kiti ni uzee: gitaa moja, kodi tatu, twende.

Kinachounganisha watu hawa wote si sauti yao, maana hawafanani. Ni tabia yao. Kila kizazi kilipokea chombo kutoka kwa waliotangulia, kikakataa kukitumia kama walivyokitumia wao. Tabia hiyo ndiyo ninayoiita roki katika makala haya. Kwa kipimo hicho, hebu turudi nyumbani.

Mtihani wa mwaka 1962

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge. Alipofika kwenye utamaduni alisema jambo lililotuuma kwa miaka mingi. Alisema wengi wetu tumejifunza rumba, chacha, twisti, hata roki, yeye mwenyewe aliitaja, lakini ni wangapi tunaoweza kucheza Gombe Sugu au Lele Mama? Akauliza kama dansi hizo za kuazima huwahi kutusisimua kama mganda, hata mganda wenyewe ukiwa ni wa kutikisa vijiwe ndani ya kopo. Akatangaza kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana.

Swali lilikuwa zuri. Walioligeuza kuwa amri ndio waliolipunguza. Januari 1969 ilianza Operesheni Vijana, na mgambo wa Umoja wa Vijana wa TANU wakawa wanawinda sketi fupi na suruali za kubana katika mitaa ya Dar es Salaam. Novemba mwaka huohuo muziki wa Soul ukapigwa marufuku mjini Dar. Yaani swali la Mwalimu lilikuwa: je, muziki huu unakusisimua kweli? Jibu la mgambo likawa: vua hiyo suruali.

Wanamuziki nao walijibu. Walijibu kwa namna mbili, na zote mbili zastahili kusikilizwa kwa haki.

Jibu la kwanza: kulivaa gitaa zima zima

Mwaka 1970 Dar es Salaam ilipata Sunburst. Mpiga gitaa Hembi Flory Kongo, kama jina linavyodokeza, alitoka Kongo; mwimbaji alikuwa James Mpungo. Walipiga kinanda cha umeme, gitaa la kulia kwa pedali, tumba, na waliimba Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi Zambia mwaka 1976, na muda mfupi baadaye kundi likasambaratika. Kwa miaka karibu 40 ni wachache tu walioikumbuka, mpaka mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilipokusanya rekodi zao na kuzitoa upya. Mshikaji wetu wa kijiweni hakuwataja hata kwa bahati mbaya. Simlaumu sana. Redioni hawapigwi.

Ukiisikiliza Ave Africa leo unasikia vijana wenye uwezo, wasioona haya kupenda walichokipenda. Unasikia pia udhaifu wao. Pale wanapoigiza, gitaa linatangulia na tumba zinafuata nyuma kama mtoto anayemkimbilia mama sokoni. Pale tumba zinapotangulia, ghafla bendi inakuwa ya watu wa hapa, na gitaa lenyewe linaanza kusema mambo ambayo Uingereza halikuwahi kuyasema. Sunburst walikaribia. Walikosa muda, na walikosa kiwanda: Tanzania haikuwa na mahali pa kutengenezea sahani za santuri.

Angalia Zambia wakati huohuo. Kule WITCH, Amanaz na Musi-O-Tunya waliunda roki yao mpaka ikapewa jina, Zamrock. Walikuwa na miji ya migodi ya shaba iliyojaa vijana wenye mshahara, na walikuwa na mahali pa kutolea santuri. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 70 muziki ule ukaanza kuishiwa pumzi, na baadaye UKIMWI ukawachukua wapigaji wengi. Mtindo, wenzangu, unahitaji pia umeme, mshahara na mlo. Tusijidanganye kwamba ni kipaji tu.

Huyu mwingine ni Patrick Balisidya, mtoto wa Dodoma, aliyeiongoza Afro 70 na mtindo wao wa Afrosa. Huyu alisogea hatua moja zaidi. Alikuwa na vyombo vya kisasa kama vya Sunburst, lakini nyimbo zake zinatembea kwa mwendo wa mtu wa Kiswahili anayesimulia jambo lililomkuta. Mwaka 1977 Afro 70 waliiwakilisha Tanzania Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu Weusi, na mwishoni mwa muongo huo Balisidya alirekodi na kundi la Kiswidi, Archimedes Badkar. Alifariki mwaka 2004. Kwangu mimi Balisidya ndiye daraja: amesimama katikati, mguu huku, mguu kule.

Jibu la pili: kulitia gitaa jandoni

Jibu la pili lilitoka mahali ambapo hakuna mwanaroki angelitafuta, yaani kwenye bendi za waajiri. Nuta Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Polisi, Magereza, Jeshi, JKT, kila mmoja na bendi yake. Vyombo ni mali ya mwajiri, mpigaji analipwa mshahara. Ungetegemea muziki wa makarani. Badala yake yakazuka mashindano ya kitu ambacho kwa Kiswahili kina jina moja tu: mtindo.

Hesabu mwenyewe. Nuta walikuwa na Msondo. Western Jazz, Saboso. Atomic ya Tanga, Kiweke. Urafiki, Mchakamchaka. Vijana, Pambamoto. Maquis, Kamanyola. JKT, Kimulimuli. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, Sikinde. Bendi isiyo na mtindo ilikuwa kama timu isiyo na jezi.

Sasa tazama majina mawili yaliyodumu kuliko yote. Msondo ni ngoma ndefu, na ni ngoma ya kumchezea mwali katika makabila ya mwambao. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na Mlimani walijitangaza kuwa wao ni ngoma ya ukae, ambayo kwa Kizaramo ni ya nyumbani. Yaani miaka 16 baada ya Mwalimu kuuliza ni nani anayejua ngoma za kwao, vijana wenye magitaa ya umeme walijibu kwa kulipa gitaa jina la ngoma. Bila mgambo.

"Ah, majina tu hayo," atasema mshikaji. Haya, tuingie ndani ya wimbo wenyewe.

Kibao cha dansi cha Dar cha miaka ile kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole: hadithi, ushauri, malalamiko ya mapenzi au ya mshahara, waimbaji wawili watatu kwa pamoja. Ya pili ni chemko. Hapo maneno yanapungua, mwendo unapanda, magitaa yanatwaa uwanja. Ukisikiliza chemko la Sikinde unasikia magitaa matatu na besi, na hakuna hata moja linalopiga wimbo mzima. Solo linasema kifungu kifupi, linakirudia, linakigeuza kidogo. Gitaa la kati linalijibu. Ridhimu linashona bila kupumzika. Besi halipigi kila pigo. Linadunda, linanyamaza, linakuacha mguu uko hewani, kisha linakupokea.

Huo si mpango wa roki ya Uingereza. Kule mpiga solo ni shujaa. Wenzake wanamtandikia njia yeye apite. Huu ni mpango wa ngoma: chapuo linashona, vumi linadunda chini, na mpigaji mkuu anazungumza na mchezaji, anamwangalia kiuno ndipo aamue la kupiga. Wapigaji wa Dar walizichukua kazi za ngoma wakazigawa kwa nyuzi. Ndiyo maana bibi wa Fukayosi hakuhitaji kufundishwa. Alisikia chapuo, akasikia vumi, akasikia mtu anamwita. Kwamba wito umepitia waya halikuwa jambo lake.

Kongo tuliazima, sikatai. Kabla yake tuliazima Cuba, kupitia santuri, na Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba bila kuona haya. Lakini nani hakuazima? Beatles waliazima. Swali ni ulirudisha nini. Kwa hiyo namjibu mshikaji: ile tabia ya kupokea chombo na kukataa kukitumia kama ulivyokipokea, hapa ilikuwepo, na ilikuwa na jina na mashabiki waliogombana kwa ajili yake.

Juu ya mkwaruzo

Kuna pingamizi moja zito. Roki, watasema, ni sauti chafu, na dansi letu ni safi mno. Solo la Sikinde linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Kweli kabisa. Lakini eti mkwaruzo tuliletewa na Hendrix?

Njoo Bagamoyo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufanya kazi hapa, katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho leo ni TaSUBa, alikuwa bingwa wa ilimba. Ilimba ya Kigogo ina tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, makusudi, ili sauti ikwaruze. Fundi anayeiacha ilie safi hajamaliza kazi. Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji wa Genesis mpaka mwaka 1975, alimtolea Zawose albamu kupitia kampuni yake ya Real World: Chibite mwaka 1996, kisha Assembly mwaka 2002, aliyoipiga na Michael Brook. Remmy Ongala na Super Matimila wake walikwishapita njia hiyohiyo mwaka 1989. Kwa hiyo roki ilikuja mpaka pwani yetu kutafuta kitu. Ilipofika nacho dukani ikakiweka rafu nyingine, rafu ya "muziki wa dunia", kana kwamba London haiko duniani.

Na mkwaruzo haukufa na Zawose. Miaka ya 90 vijana wa uswahilini Dar walichukua vinanda vidogo vya Casio, vya bei chee, wakavipitisha kwenye spika za pembe kama za msikitini mpaka sauti ikapasuka, wakapiga ngoma juu yake usiku kucha. Huo ndio mchiriku. Watu wazima walisema ni kelele. Panki nao waliambiwa hivyohivyo. Kutoka kwa mchiriku na mikesha ya vigodoro ikatoka singeli, ile tuliyokuwa tunaicheza harusini kabla bibi hajainuka. Yaani DJ alidhani amebadilisha muziki kutoka wa vijana kwenda wa wazee. Alikuwa amefungua ukurasa wa nyuma wa kitabu kilekile.

Nijipinge mwenyewe

Mhakiki asiyejipinga ni shabiki. Basi nami niyaseme yanayoniumiza katika mitindo hii.

Kwanza, mitindo mingine ilikuwa majina matupu. Ukimfunika mtu macho ukampigia bendi nne za miaka ya 80, mbili hatazitofautisha. Wapigaji walihama kila mwaka wakibeba sauti zao. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo alitoka kwenye Msondo mwaka 1978 kwenda kuanzisha Sikinde, mwaka 1985 akawa Safari Sound na mtindo wa Ndekule, kisha akarudi alikoanzia. Sasa mtindo ni wa bendi au ni wa mtu?

Pili, mwajiri anayekununulia gitaa anakuchagulia na la kuimba. Vibao vya kusifu viongozi vipo tele, na vingi ni vibovu. Rekodi nyingi zilifanyika katika studio ya Redio Tanzania, na waliozipiga hawakutajirika nazo.

Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote: jukwaa lilikuwa la wanaume karibu tupu, na katika nyimbo zao mwanamke ndiye tapeli, mwongo, mpenda pesa. Ngoma waliyoitia waya, msondo, ilikuwa ya wanawake. Wakaichukua jina, wakaichukua mwendo, wakawaacha wenyewe nje ya ukumbi. Bibi yangu wa Fukayosi aliitambua ngoma yake kwenye spika. Jina la mwanamke kwenye orodha ya wapigaji asingelipata. Hilo tusilifunike kwa sababu tunapenda magitaa.

Kaburi liitwalo zilipendwa

Miaka ya 80 redio za Marekani zilianza kuzipanga roki za zamani kwenye fungu moja, zikalipa jina lenye maana ya roki iliyofuzu, roki ya kupigiwa mfano. Ni jina la kibiashara, lakini linaacha mlango wazi: kijana anaingia humo kujifunza. Sisi zetu tumeziita zilipendwa. Wewe mwandishi, itazame sarufi. Zi-li-pendwa. Hiyo -li- inasema mapenzi yamekwisha. Tena ni kauli ya kutendwa, na waliopenda hawatajwi. Ni neno la matangazo ya vifo. DJ wa harusini hakuomba radhi kwa ubaya wa muziki. Aliomba radhi kwa sababu jina lenyewe lilishamwambia kwamba anacheza maiti.

Na sisi wa kalamu je?

Hapa ndipo ninapotaka tugombane kijiweni. Hadithi fupi, riwaya, shairi huru, haya yote ni magitaa. Yalikuja na meli. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 walikuwepo mgambo wa vina na mizani waliosema hilo si shairi, avue hiyo suruali. Leo mgambo hao wamepungua, tuna ugonjwa wa upande wa pili. Nasoma miswada inayoletwa hapa: wahusika wanavuta pumzi ndefu dirishani mvua ikinyesha, wanaachana mikahawani, wanazungumza Kiswahili ambacho ukikigonga kinalia Kiingereza. Gitaa linatangulia, tumba zinafuata nyuma. Ni Sunburst kwenye nyimbo zao dhaifu.

Halafu wapo wanaodhani dawa ni kumwaga methali na bibi msimulizi chini ya mbuyu. Hiyo nayo ni Operesheni Vijana. Wapigaji wa Sikinde hawakuvaa kaniki jukwaani. Walivaa suti, wakashika Fender pale zilipopatikana, na ngoma wakaiweka mahali ambapo huwezi kuiona: katika mgawanyo wa kazi, nani anashona, nani anadunda, nani anaita, nani ananyamaza.

Kwa hiyo ukiandika hadithi yako, usiniulize kama ni ya Kiafrika. Jiulize ni nani ndani yake anayeshona. Jiulize ukimya wako unampokea msomaji au unamwangusha. Sikiliza watu wa kwenu wanavyopeana zamu ya kusema msibani, sokoni, kwenye basi la Msata likiharibika njiani. Huo ndio mpango wako wa magitaa matatu. Na kama wewe ni msichana, tafadhali, usiombe nafasi ukumbini. Ngoma ilikuwa yako.

Niliporudi Fukayosi mwezi uliopita nilimpelekea bibi yule kibao cha singeli kwenye simu. Alikisikiliza chote, uso umekunjwa. Nikasubiri aseme ni ngoma yetu, nipate mwisho mzuri wa makala. Akanirudishia simu.

"Hii wameitia waya mwingi," akasema. "Waambie wapunguze kidogo, nisikie wanaponiita."

Nimewaambia. Anayepinga aandike, ukurasa upo.